Skochi Juu ya Kompyuta ya Mama Furaha

Wanangu wa imprimeri, nyumba yetu ya kuchapia, mwenzenu Aline amenibana mpaka nimekubali. Anasema mzee akiondoka na anayoyajua kichwani, wanaobaki wanaanza kupapasa upya. Basi nimekaa hapa uani kwangu Buyenzi na kalamu na chai ya tangawizi, niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiamua lini kulipia mfumo mpya wa kompyuta na lini kuuacha upite na safari yake. Bwana Deo, patroni wetu mwenye mali, aliniuliza swali hilo kila mara ulipotoka mfumo mpya: "Papa Zuena, tununue ao tuache?" Nilianza kulijibu nikiwa na nywele nyeusi, nikaendelea zikiwa nyeupe, na nimestaafu sina nywele kabisa. Nililipwa kiasi gani sitawaambia, mtalia. Nilipandishwa cheo mara ngapi nayo tuiache, mtacheka.

Mimi ni mtoto wa gereji. Mjomba wangu Kasimu alikuwa na gereji mtaa huu huu, na kabla sijaijua kompyuta nilijua kabureta. Mjomba alikuwa na desturi ambayo mafundi wa Buyenzi wanayo hadi leo. Akimaliza kubadilisha mafuta ya injini anakata kipande cha skochi, ile karatasi ya gundi, anaandika tarehe na kilomita, anakibandika ndani ya mlango wa gari. Mwenye gari akirudi na makelele, mjomba habishani naye. Anafungua mlango, anamwonyesha, anarudi kunywa kahawa yake.

Alikuwa na desturi ya pili pia. Hagusi boliti hata moja kabla hajazungumza na dereva. Tajiri mwenye gari anaweza kuwa amesimama pale na miwani ya jua, mjomba anampita, anamfuata dereva. "Tajiri atakuambia gari lake ni la mwaka gani," alikuwa akinifundisha. "Dereva atakuambia linalia wapi." Neno hilo nililisikia mara mia. Kusikia ni kitu kimoja, wanangu, na mtaona mbele nilivyolitumia.

Siku yangu ya kwanza imprimeri nilivaa suruali ya Idi na viatu vya kuazima vilivyonibana. Kulikuwa na kompyuta tatu tu. Bwana Deo alikuwa bado kijana, amefunga tai saa saba ya mchana, katika joto la mji huu ambalo hata mijusi wanatafuta kivuli. Alinionyesha vyumba vyote kwa haraka, akaniacha mlangoni pa chumba cha nyuma. Mle ndani alikaa Mama Furaha na mashini ya plaki.

Kwa mgeni anayesoma: plaki ni bati jembamba linalobeba maandishi na picha. Kompyuta inaituma kazi kwenye mashini, mashini inachonga plaki, plaki inafungwa kwenye mtambo wa kuchapia. Bila plaki hamna kadi, hamna kitabu, hamna chochote. Mama Furaha alizaliwa Uvira, akavuka mpaka na mtoto mgongoni, na mashini ile ndiyo iliyomsomesha huyo mtoto. Aliijua kwa sauti. Ikikohoa anajua ni vumbi, ikinyamaza anajua ni umeme. Bwana Deo alisema wazi siku ile ile, mbele yake, kama mtu anayesoma bei sokoni: "Huyu ni wa mashini hii. Siku mashini ikienda, naye anaenda." Mama Furaha alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenipa, ya kuhakikisha mashini haiendi.

Sasa tuje kwenye mifumo. Bwana Deo anakaa Kibenga, karibu na ziwa, na jirani yake pale ana biashara ya vifaa vya ujenzi. Kila jirani alipopata mfumo mpya kwenye kompyuta zake, Bwana Deo alikuja kazini asubuhi amenuna. Jirani alikuwa anauza misumari, jamani! Mfumo mpya ungemsaidia nini kwenye misumari? Lakini patroni hakulala. Mwisho dada yake aliyekuwa akija kutoka Ubelgiji akaleta sidi ya mfumo mpya kwenye sanduku, katikati ya chokoleti, na lisansi, ile ruhusa ya kuutumia, ya kompyuta zote. Wakati huo zilikuwa tisa.

Nami nilikuwa kijana mwenye kiburi. Jumamosi mchana, wenzangu wameenda nyumbani, nikazibadilisha zote tisa. Zote! Sikujaribu moja kwanza. Jumatatu asubuhi vioo vyote vya kompyuta vinang'aa, kila kimoja na picha ya milima ya kijani ambayo hakuna aliyeijua iko nchi gani. Bwana Deo akapita akitabasamu kama bwana harusi. Kisha sauti ikatoka chumba cha nyuma.

"Fundi! Kuya uone. Mashini yangu iko inaniangalia tu."

Nikaenda. Kompyuta yake ilikuwa nzuri kuliko zote, na mashini ya plaki ilikuwa kimya kama kaburi. Kuna programu ndogo, sisi tunaiita piloti, inayofanya kompyuta na mashini zielewane. Piloti ya mashini ile ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani, na waliotengeneza mashini walikuwa wamefunga duka kitambo. Piloti mpya haikuwepo na haitakuwepo.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya nani? Kadi za harusi za mpwa wake Bwana Deo mwenyewe. Wakwe wanasubiri, kamati ya harusi inasubiri, wazee wamekwisha kunywa bia ya kwanza. Patroni akaja, akasimama, akaangalia mashini, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Furaha.

"Bon," akasema. "Kama mashini imekufa, Mama Furaha aende nyumbani apumuzike. Nitamuita."

Kila mtu pale alijua maana yake. Wenzetu wawili walikwisha kutumwa kupumzika namna hiyo, na mpaka leo wanapumzika. Mama Furaha akaanza kukunja kitenge chake polepole. Kosa lilikuwa langu na mzigo ulikuwa unamwangukia yeye. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Patroni, nipe leo tu," nikasema. "Nitarudisha mfumo wa zamani."

"Sidi yake iko wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka iko wapi. Mifumo ya zamani, wanangu, niliiona kuwa takataka. Sidi zake zote nilikuwa nimempa Nestor, zamu wetu, mlinzi wa mlangoni, kwa sababu Nestor ana kipande cha mpunga Buterere na ndege walikuwa wanammaliza. Sidi ukiining'iniza kwenye fimbo inametameta juani na ndege wanakimbia. Mfumo wa kompyuta wa Mama Furaha ulikuwa unafukuza ndege.

Tulienda na baiskeli ya Nestor, yeye anakanyaga, mimi nyuma kwenye keria na suruali ya ofisi. Shambani sidi zilikuwa kumi na kitu, na kuijua moja lazima uishike uisome, na kila fimbo iko katikati ya maji. Tukavua viatu. Matope mpaka magotini. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakasimama kutuangalia, mmoja akauliza kwa Kirundi mtu huyu anafanya nini. "Anavuna," Nestor akamjibu. "Zake zimeiva mapema." Walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Nami nilicheka, wallahi, ingawa roho ilikuwa mkononi.

Tuliipata kwenye fimbo ya mwisho, kama kawaida ya dunia. Nikaiosha kwa sabuni, nikaisugua mikwaruzo kwa dawa ya meno, nikaikausha kwa shati. Kompyuta ikaikataa mara ya kwanza, ikaikataa mara ya pili. Mara ya tatu nikasema Bismillahi kwa sauti, ikaisoma. Kabla ya jua kuzama mashini ya plaki ikakohoa, ikaanza kuchonga. Mama Furaha akasema "Asanti Yezu," nami nikasema "Alhamdulillahi," vyote kwa pamoja. Kadi zikatoka kwa wakati wake. Bibi harusi hajui hadi leo kwamba harusi yake ilipitia kwenye mpunga.

Jioni ile nikakata skochi, nikaandika tarehe na neno moja, USIGUSE, nikabandika juu ya kioo cha kompyuta ya Mama Furaha. Nikamwambia, "Mama, muda wote mimi nipo hapa, hakuna atakayeibadilisha hii." Akaisoma skochi, akanitazama. "Sawa, Fundi," akasema. Niliichukua kuwa ni shukrani.

Baada ya hapo nikawa mkaidi upande wa pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfumo mpya ukitoka, nasema tuache. Mwingine, tuache. Bwana Deo akinuna, namkumbusha harusi ya mpwa wake, anarudi ofisini kwake. Nilijiona mwerevu sana. Lakini mfumo ukizeeka kuna siku waliouunda wanaacha kuutengenezea viraka vya kuziba matundu ya virusi, na mimi siku hiyo niliiona ikipita nikasema ah, viraka tu. Akaja mteja mmoja na flashi yake iliyotembea kila sibe, kila duka la intaneti la mjini. Tukaichomeka. Kesho yake kazi zote za miaka miwili zilikuwa zimegeuka majina ya ajabu yasiyofunguka, kompyuta nane kwa mpigo. Tulikaa wiki nzima tunaandika upya mitihani ya shule kutoka kwenye karatasi, Bwana Deo mwenyewe akichapa kwa vidole viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tuliujenga kwa vidole.

Kompyuta moja tu ilipona, ya Mama Furaha, kwa kuwa haikuwa imeunganishwa na yoyote. Hapo ushindi ukanipanda kichwani.

Kutoka kwenye makosa hayo mawili ndipo nikapata kipimo changu, nanyi mkitake au mkiache. Mfumo mpya usiununue mwaka unaotoka. Waache wauza misumari waujaribu. Ruka mmoja, lakini usiruke miwili. Viraka vya ule ulionao vikikaribia kwisha, lipa bila kulia, hata kama kompyuta bado inatembea vizuri, maana gari nalo linatembea vizuri mpaka breki zinapokwisha. Weka kwenye kompyuta moja kwanza, ile mbovu, ikae wiki mbili. Usifanye kabla ya mitihani ya shule wala kabla ya miezi ya harusi. Sidi ya zamani, leo ni flashi, usimpe mtu mwenye shamba. Na kila kompyuta ipate skochi yake yenye tarehe, ili patroni akiuliza, usibishane naye, mwonyeshe.

Na kompyuta ya Mama Furaha niliiweka nje ya sheria hizo zote. Aliyelala usimwamshe. Niliiacha bila mtandao, nikanunua flashi moja nyekundu isiyokwenda popote isipokuwa pale, nikaifunga uzi, Mama Furaha akaivaa shingoni. Aliivaa miaka na miaka, kanisani pia, watu wakamwuliza kama ni dawa. Mwaka kwa mwaka sisi wengine tulibadilika, picha za milima zikaja za bahari, za bahari zikaja za nyota, na yeye alibaki na kioo kile kile cha bluu. Skochi ikichakaa, naandika nyingine. Nilikuwa najivunia skochi ile kuliko cheti changu cha ukutani.

Mwaka wangu wa mwisho Bwana Deo akaleta mashini ya plaki kutoka Dubai, ya mitumba lakini ina nguvu, isiyokubali kuzungumza isipokuwa na mfumo mpya. Akaniita ofisini. Ya zamani inakula umeme, alisema, inatolewa. Wa kuendesha mpya ameshampata, kijana mwenye diploma. Na Mama Furaha?

"Atapumuzika," akasema, na safari hii hata hakuongeza kwamba atamwita.

Nilipigana, wanangu. Wiki nzima, kila asubuhi, nilikuwa mlangoni kwake. Nikamwambia tuiache ya zamani miaka miwili tu, kwa kazi ndogo ndogo. Nikamwambia Mama Furaha ana umri, mifumo mipya itamchanganya, huwezi kumpeleka mtu kama yule kwenye mambo haya, muache na mashini yake. Niliyasema hayo kwa moyo safi. Siku ya tano patroni alikuwa anaanza kulegea.

Siku hiyo saa ya kula nilikuwa kwenye meza yangu na ndagala zangu, samaki wadogo wa ziwa, Mama Furaha akaingia akafunga mlango.

"Papa Zuena, nasikia unanipigania."

"Ndiyo, mama. Usiogope. Mashini yako haitoki."

"Na nani alikuambia mi naitaka?"

Ndagala ikabaki njiani kati ya sahani na mdomo.

"We uliuliza mashini," akasema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Uliuliza patroni. Uliuliza mupaka ndege ya Buterere. Mi mutu ninakaa mbele ya ile kioo kila siku, hujaniuliza hata siku moja. Umesema kwa patroni mi mifumo itanichanganya. Ilikuchanganya we, ao ilinichanganya mi?"

"Ungeniambia, mama," nikasema kwa unyonge.

"Nikuambie namna gani? Mutu iko anakulinda, utamuambia aache kukulinda? Na vile ulikuwa unaipenda ile skochi yako!"

Akanishika mkono wa shati kama mtoto aliyevunja kikombe, akanipeleka kwenye meza ya Aline. Akakaa. Akaufungua mfumo mpya, akapanga kadi, akatenganisha rangi, akaituma kazi, vidole havitafuti. Aline amesimama pembeni anaangalia dari. Miezi minane, wanangu! Miezi minane mlikuwa mnamfundisha saa ya kula, nami nikipita namwona amekaa pale nadhani mnatazama picha za harusi. Nyinyi wote mlijua. Nestor wa mlangoni alijua. Mlikaa kimya ili mzee asijisikie vibaya, na kwa hilo nawashukuru, na kwa hilo pia siwasamehe.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile maneno ya mjomba Kasimu yalikuwa kichwani mwangu, nami niliyatumia kwa kompyuta tu. Nilimlinda dereva bila kumwuliza linalia wapi. Na kwa wiki nzima, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilikuwa nampa patroni sababu ya kumfukuza.

Nikarudi ofisini kwa Bwana Deo kabla haya haijanitoka. "Patroni, sahau yote niliyosema tangu Jumatatu. Itoe ya zamani. Lakini mpya mpe Mama Furaha siku nne kabla hujamwita huyo kijana."

"Jana ulisema itamuchanganya."

"Jana nilikuwa mjinga."

Bwana Deo hajawahi kuninyima kitu ninapokiri ujinga, jambo hilo linamfurahisha mno. Akakubali. Kazi ilikuwa daftari za matokeo za shule tatu. Plaki ya kwanza Mama Furaha aliiharibu, tukaisikia ikikwaruza, nami nikainuka. Aline akanirudisha kitini kwa bega. Ya pili ikatoka safi. Mchana akaniita nimsomee herufi ndogo, alitaka macho yangu tu, si kingine. Siku ya nne patroni akaja akasimama nyuma yake muda mrefu, mashini inaimba, plaki zinapangana. Akalegeza tai. Sikuwa nimewahi kumwona akilegeza tai. Akatoka nje kupiga simu, na yule kijana wa diploma hakuja.

Siku yangu ya mwisho mlinipa keki na hotuba. Mama Furaha hakutoa hotuba. Alivua flashi nyekundu shingoni, akanivalisha mimi. "Sasa linda hii," akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Niko nayo hapa, pamoja na ufunguo wa nyumba.

Wiki iliyopita nilirudi kuchukua miwani niliyosahau. Chumba cha nyuma kina mwanga sasa. Kompyuta mpya ilikuwa inatoa sauti kidogo, feni labda, na mkono wangu ukaenda wenyewe, si mnajua mkono wa fundi. Kabla haujafika nikaona skochi juu ya kioo. Tarehe, kisha herufi kubwa za Mama Furaha: MFUMO MUPYA. USIGUSE BILA KUNIULIZA.

Mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo, anakula karanga, ananitazama.

"Mama Furaha," nikasema, "naweza kuigusa?"

Akatafuna kwanza, akameza.

"Apana," akasema. "Lakini asanti umeuliza."